Wimbo wa Namba

Kwaya ilikuwa imeshamaliza kuimba, na Mwalimu Elick bado alikuwa anapunga mikono.

Ilikuwa Jumapili yake ya kwanza kanisani tangu atoke hospitali. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemlaza majuma kadhaa, ikamwachia uhai wake na kuondoka na masikio. Daktari alimwandikia kwenye karatasi kwamba ashukuru, kwa kuwa wengi hawarudi nyumbani. Naye alishukuru. Alirudi Chonyonyo, akapiga pasi shati lake jeupe, akasimama mbele ya kwaya aliyoifundisha tangu ujana, akiamini kwamba mikono yake inaijua kazi hata masikio yakikosekana. Alihesabu kichwani, akashusha mkono, akaona vinywa vinafunguka. Ikawa kama zamani. Akafumba macho kidogo, kama alivyozoea, akawaongoza.

Alipoyafumbua, yeye akiwa ndiyo kwanza anaingia ubeti wa mwisho, vinywa vyote vilikuwa vimefungwa. Wanakwaya walikuwa wamemtangulia, pengine kwa ubeti mzima, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Akina mama walitazama vitabu vyao vya nyimbo. Ainebyona, kijana wa besi ambaye Elick mwenyewe alimfundisha kusoma noti, alitazama sakafu. Elick alishusha mikono polepole, kama mtu anayetua mzigo pasipo wa kumpokea, akaenda kukaa.

Jumapili iliyofuata kwaya ilikuwa mikononi mwa Ainebyona. Hakuna kikao kilichoitishwa wala mtu aliyemfukuza. Ilitokea tu, kama maji yanavyojitafutia njia.

Watu walidhani kinachomuuma ni nyimbo. Nyimbo zilimuuma, lakini yalimuuma zaidi mambo madogo ambayo hakuwahi kujua kwamba anayasikia: chungu kinachotokota jikoni, kuku anayetangaza yai, kikohozi cha mkewe chumba cha pili kinachomjulisha kwamba yuko macho. Kemirembe alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na ndoa yao ilikuwa imejengwa juu ya mabishano ya kirafiki, tangu bei ya kahawa hadi mahubiri ya mchungaji. Mwanzoni alijitahidi. Alipiga kelele sikioni, akachora hewani, akaonyesha kwa vidole. Kadiri siku zilivyokwenda, mazungumzo yao yalipungua hadi yakabaki ya vitu vinavyoweza kuonyeshwa kwa kidole: chakula, jembe, mvua, mbuzi wa jirani ameingia kibanjani, kwenye migomba. Kuandika hakukuwezekana. Kemirembe aliacha shule mapema, mwandiko wake ulikuwa mzito, na aliona haya kuandika mbele ya mwanamume aliyesahihisha herufi za usharika mzima.

Jioni majirani walipokuja, Elick aliketi kati yao na kuwatazama wakicheka.

"Wamesema nini?" alimuuliza mkewe.

Kemirembe, machozi ya kicheko yakiwa bado machoni, alitikisa mkono. "Si kitu."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Elick aliyojifunza kuyasoma midomoni mwa mtu. Baadaye aliyaona kila mahali: kwenye harusi, dukani, kwenye kikao cha ushirika. Binti yao Asimwe, aliyeolewa Muleba, alipopiga simu, Kemirembe alitembea nayo ua mzima, akicheka, akishangaa, akishika kiuno. Simu ikikatika, Elick alipata fungu lake: "Anakusalimia."

Hakumlaumu. Alijua kwamba kurudia jambo kwa mtu asiyesikia ni kama kumenya ndizi ambazo tayari watu wameshakula. Lakini hali hiyo ilimsogeza pembeni siku hadi siku, mpaka akawa mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Basi siku moja, akiwa juu ya mti wa kahawa anachuma, wimbo ulimjia.

Haukuwa mmoja wa nyimbo za zamani. Ulikuwa mpya, umekuja na sauti zake zote nne, safi kama maji ya chemchemi, na aliusikia wapi yeye mwenyewe hakujua, maana masikio yalikuwa yamekufa. Alishuka, akatafuta karatasi, akaandika noti zake kwa herufi, kama wanavyofanya walimu wa kwaya wa huku: d, r, m, f. Kisha akaikunja karatasi. Angempa Ainebyona, wangeuimba, lakini alijua wangeuimba kwa huruma. Wimbo unaoimbwa kwa huruma ni kama uji wa mgonjwa. Pia, na hili alilificha hata nafsini mwake, aliogopa kwamba labda haukuwa mzuri. Nani angemwambia kweli?

Alikwenda nao Omurushaka ili angalau uchapwe vizuri.

Kwenye steshenari iliyo karibu na maduka ya wanunuzi wa mazao, alimkuta msichana mwembamba mwenye miwani, aliyekuwa akitoa nakala za vyeti. Msichana alisema neno. Elick aligusa sikio lake, akatikisa kichwa, akasubiri ule uso anaoujua: watu hufungua macho, hutabasamu kwa huzuni, kisha hugeukia mteja mwingine.

Huyu hakugeuka. Aliugeuza mtambo. Alishika kioo cha kompyuta kwa mikono miwili, akakielekeza kwa Elick, akaandika upesi kuliko Elick alivyowahi kuona vidole vikienda:

*Shikamoo mzee wangu. Naitwa Dusabe. Nikusaidie nini?*

"Marahaba!" alisema Elick, na wateja wote wakageuka.

*Huna haja ya kupaza sauti, mimi nasikia vizuri,* aliandika Dusabe, akacheka. Elick naye akajikuta anacheka.

Alichapiwa wimbo wake siku hiyo. Juma lililofuata alirudi kutoa nakala ya cheti cha ubatizo, ambayo hakuihitaji. Juma la tatu akaja na kadi ya ushirika. Dusabe hakuwa mjinga. Alimvutia kiti, na wateja wakipungua, aliandika. Alimweleza kwamba kwao ni Nyakatuntu, upande wa Kyerwa, kwamba alisoma stashahada ya kompyuta na hajapata ajira, kwamba mama yake ni mgonjwa. Alimuuliza kuhusu kwaya, kuhusu migomba, kuhusu homa. Alichosema mteja akachekesha, alikiandika. Elick alisoma yote kwa uchu, hata yasiyo na maana, kama mtu aliyetoka jangwani ambaye haulizi maji ni ya mto gani.

Siku moja aliandika: *Mwalimu, leo nikufundishe kitu. Tuandike kodi.*

"Kodi? Ya serikali?"

Dusabe aliinamia meza kwa kicheko. *Si hiyo. Ni maagizo unayoiandikia kompyuta ili ikutii. Wengine huyaita msimbo. Lugha yake inaitwa Python.*

Alifungua dirisha jeusi, akaandika mstari mmoja, *print("Shikamoo Mwalimu Elick")*, akabonyeza kitufe. Chini yake maneno yakatokea yenyewe: *Shikamoo Mwalimu Elick.* Kisha akamsogezea kibodi.

Elick aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama kuku anayetafuta punje. Alitaka kompyuta imsalimie Kemirembe. Alipobonyeza, maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo.

"Imekasirika," alisema, akirudisha mikono mapajani.

*Haijakasirika. Inakuambia imekwama wapi. Soma namba ya mstari. Halafu tazama alama zako za kufunga.*

Alikuwa amesahau alama moja ya kufunga. Aliiweka, akabonyeza, na salamu ikatoka. Alikaa akiitazama kwa muda mrefu. Dusabe alidhani anastaajabia mashine. Elick alikuwa anawaza jambo jingine: kwamba alikosea, na kitu kikamwambia hasa amekosea wapi. Hakikumwambia si kitu. Kilitaja mstari.

Tangu siku hiyo hakuleta tena vyeti. Alikuja kusoma. Dusabe alimwonyesha jinsi ya kuipa thamani jina, kama mtu anavyobandika jina kwenye kasha ili baadaye aite kasha badala ya kutaja vilivyomo. Alimfundisha masharti: kama mvua inanyesha, anua kahawa, la sivyo, iache juani. Alimfundisha mzunguko, ambao unaiamuru mashine irudie maagizo yaleyale mpaka yaishe. Elick aliushika huo kuliko vyote.

"Hiki ni kiitikio," alisema.

*Ndiyo mwalimu, ni kiitikio,* aliandika Dusabe. *Ila kuwa mwangalifu. Kuna makosa itakayokuambia, na kuna ambayo haitakuambia. Ukiandika vizuri kitu kisicho sahihi, itakitii tu na kunyamaza.*

Mvua za vuli zilipoanza, Elick alimkuta Dusabe amefunga mizigo yake. Hali ya mama yake ilikuwa imekuwa mbaya, na hakuna mwingine wa kumuuguza. Alitoa chini ya meza kompyuta mpakato kuukuu, ambayo mwenye duka alikuwa ameitupa kwa sababu herufi m haikubali mpaka uibonyeze kwa nguvu.

*Nimeiombea ruhusa, ni yako. Nimekuwekea masomo humo. Hata spika zake ni nzima,* aliandika, kisha akasimamisha vidole. Akafuta maneno ya mwisho. Halafu akabadili mawazo, akayaandika upya. *Spika ni nzima, mwalimu. Kuna mstari wa kuifanya itoe sauti. Kila sauti ina namba yake. Nimekuandikia namba hizo. Nilifikiria wimbo wako.*

Elick alitaka kusema neno la maana. Alisema, "Msalimie mama." Hakujua kama amelisema kwa sauti kubwa au ndogo.

Mwanzoni walitumiana ujumbe kwenye simu. Dusabe alijibu siku hiyohiyo, kisha kesho yake, kisha baada ya siku nyingi, maneno machache: *Mama hajalala. Nitakuandikia.* Elick alimwelewa. Mtu anayeuguza hana vidole vya ziada. Akaacha kumuuliza maswali, akabaki yeye na ile mashine.

Aliiweka kwenye meza ya sebuleni, karibu na dirisha linalotazama migomba. Asubuhi alifanya kazi za shamba. Mchana, jua likiwa kali, aliingia ndani. Alijipa kazi moja: mashine isome zile herufi za noti moja baada ya nyingine, na kwa kila herufi itoe sauti yake. Alitengeneza kamusi ndogo ndani ya programu: d ni namba hii, r ni namba ile, m, f, s, l, t. Akaweka mstari wa kuchapa herufi kwenye kioo, ili macho yake yaone kilichoshindikana kuingia masikioni.

Haikukubali. Siku nyingine ilimwandikia wekundu mpaka akahisi ametukanwa, na kwa Kiingereza cha kidato cha pili alichobakiwa nacho, aliokota neno hapa na neno pale. Lakini namba ya mstari ilikuwa namba tu, haina lugha. Aliufuata mstari, akatazama, akakuta nukta mbili zimesahaulika, au herufi m haikuingia. Alirekebisha. Ikakwama mbele zaidi. Akarekebisha tena.

Kisha ikaacha kulalamika, na hapo ndipo ilipomchanganya. Iliupokea wimbo mzima, ikakaa kimya bila wekundu wowote, ikachapa herufi moja tu: d. Noti ya mwisho. Zilizobaki zilikwenda wapi? Alishinda na swali hilo kwa siku kadhaa. Alilibeba shambani, akalala nalo. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Chonyonyo nzima hapakuwa na mtu ambaye angeelewa hata swali lenyewe, achilia mbali jibu. Aliwahi kuwa mpweke katikati ya watu wanaocheka, lakini upweke huu ulikuwa wa aina nyingine: ule wa mtu aliyeingia chumba ambacho hakuna mwenzake anayejua kwamba kipo.

Jibu lilimjia akiwa hana habari nalo. Alikuwa amefungua kitabu cha nyimbo kwa mazoea tu, akatazama jinsi kiitikio kilivyochapwa: kimesogezwa ndani kidogo, mbali na ukingo, ili mwimbaji ajue kwamba hiki ndicho kinachorudiwa. Akasimama. Akaenda kwenye kompyuta. Mistari yake ya kuchapa na ya kutoa sauti ilikuwa imesimama ukingoni, nje ya mzunguko. Mashine ilizunguka mikono mitupu, ikamaliza, ndipo ikaifanya kazi mara moja. Aliisogeza ile mistari ndani, akabonyeza.

Herufi zilianza kuteremka. s, d, d, r, m. Moja baada ya nyingine, kwa mwendo wake, kama waumini wanaotoka kanisani. Aliweka kiganja juu ya mashine, akahisi mtetemo mdogo sana. Labda ulikuwa wa mashine, labda ulikuwa wa damu yake mwenyewe.

Alitoka nje mbio. Kemirembe alikuwa kwenye mikeka ya kahawa na jirani mmoja, wanageuza buni na kuongea.

"Mama Asimwe! Imekubali! Niliiweka nje, kumbe inatakiwa ndani!"

Wanawake wawili walimtazama. Kemirembe alitabasamu, akainua kidole gumba. "Vizuri," midomo yake ilisema. Kisha akamgeukia jirani, na mikono yao ikarudi kwenye kahawa.

Elick alisimama kidogo. Akageuzageuza kahawa upande wake wa mkeka, kwa kuwa alikuwa ameshafika hapo, halafu akarudi ndani.

Ilimchukua muda kukubali kwamba hawezi kuimaliza kazi hii peke yake. Alikuwa ametengeneza kinywa, lakini hakuwa na sikio. Mchana mmoja wenye mawingu, Kemirembe alipoingia kuweka sufuria, alimshika mkono.

"Kaa hapa. Nataka usikilize kitu."

Kemirembe alionyesha jikoni: ndizi zipo motoni.

"Ziache ziungue," alisema Elick. Hakuwa mtu wa kusema hivyo. Kemirembe alikaa.

Alibonyeza. Herufi zikaanza kuteremka. Elick hakuzitazama, alimtazama mkewe usoni. Kemirembe alikunja uso. Akainama mbele, akatega sikio, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole juu, kwenye paa. Elick hakuelewa. Kemirembe alionyesha tena, kisha akamgeuza bega kuelekea dirishani. Mvua. Ilikuwa inamwagika kama inayomwagwa kwa ndoo. Alikuwa ameiona, lakini alikuwa amesahau kabisa kwamba mvua juu ya bati ina kelele.

Wakasubiri. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi walikaa pamoja bila kazi, mke akisikiliza mvua, mume akimtazama anavyoisikiliza. Hatimaye Kemirembe aliitikia kwa kichwa: sasa.

Elick alibonyeza tena. Safari hii mkewe alishtuka, akaziba mdomo, mabega yakatikisika. Alikuwa anacheka.

"Nini?"

Kemirembe alitikisa mkono, na Elick aliyaona yale maneno mawili yakijiandaa midomoni mwake.

"Hapana," alisema. Aliusogeza mpakato mbele ya mkewe, akafungua ukurasa mweupe. "Usiniambie hivyo. Leo usiniambie hivyo. Andika."

Kemirembe aliacha kucheka. Alizitazama herufi za kibodi, akamtazama mumewe, akaficha vidole ndani ya kitenge.

"Sitasahihisha," alisema Elick. "Mama Asimwe, naapa, hata herufi moja sitasahihisha."

Alichukua muda. Alitafuta kila herufi kwa kidole cha shahada, akiguna, Elick aliona kifua chake kikiguna. Aliandika: *inaria kama buzi.*

Inalia kama mbuzi. Elick alisoma, akasoma tena. Ile m mbovu ilikuwa imemkatalia. Akacheka mpaka akashika meza. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno la kweli namna hiyo tangu augue.

"Sawa, ni mbuzi. Mbuzi anaimba nini? Msikilize wimbo, usisikilize mbuzi."

Akabonyeza. Kemirembe alifumba macho. Miaka mingi alikuwa ameimba sauti ya pili katika kwaya ya mumewe, na shingo yake ilianza kufuata noti bila yeye kujua, ikipanda na kushuka. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Katikati ya wa tatu alifumbua macho ghafla, kama mtu aliyekanyaga mwiba, akainua kiganja.

*hapa imepada*, aliandika. *ingeshuka.*

"Wapi?"

Alitafuta kwenye karatasi ya noti, akaweka kidole juu ya f. Elick akaicheza tena. Kwenye f nyingine, Kemirembe akaruka tena. Kila ilipofika f, mwiba uleule. Wekundu haukutokea, mashine ilikuwa na hakika na kazi yake. Elick alifungua ile kamusi yake ndogo, akalinganisha namba moja moja na zile alizoandikiwa na Dusabe. Kwenye f ilitakiwa iwe 349. Yeye alikuwa ameandika 394. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana viti, na f yake ikawa inapanda juu hata ya s. Angeweza kuutazama wimbo huo mpaka anazeeka asijue.

Alirekebisha. Alisita kidogo, kidole kikiwa juu ya kitufe. Aliogopa, kama alivyoogopa siku ile alipoikunja karatasi.

Akabonyeza.

Kemirembe hakukunja uso. Hakucheka. Alikaa ametulia, na noti zilipofika pale kwenye mstari wa tatu, shingo yake ilishuka taratibu pamoja nazo na haikushtuka. Wimbo uliisha, Elick alijua kwa kuwa herufi zilikoma. Mkewe aliendelea kutazama kioo. Kisha bila kuambiwa alivuta kibodi. Aliandika, akafuta. Akaandika, akafuta tena. Kutoka jikoni harufu ya ndizi zilizoungua iliingia sebuleni, na hakuna aliyesimama.

*sikujuwa kama bado unaimba,* aliandika.

"Kila siku," alisema Elick. "Nikiwa shambani. Nikiwa kanisani. Nikiwa nimekaa na nyinyi jioni. Kila siku."

Kemirembe aligeuka kutazama mlango, na kwa hiyo Elick akajua kwamba amesema kwa sauti kubwa. Lakini mkewe hakumnyamazisha. Aliegemea bega lake hapo hapo mezani, na Elick akahisi kifua chake kinapanda na kushuka kwa nguvu, na kwa kuwa hakuuona uso wake, hakujua kama analia au anacheka, na hakuuliza.

Mambo hayakubadilika yote. Kuna siku Kemirembe aliandika mistari mirefu, mpaka habari za Asimwe na mama mkwe wake. Kuna siku alichoka, akarudi kwenye ishara. Majirani walikuja na kucheka kama kawaida. Ainebyona alisikia habari, akaja, akausikiliza wimbo akiwa amesimama, akaomba karatasi ya noti. Aliuliza kama Mwalimu angekuja kwenye mazoezi. Kemirembe aliliandika swali hilo. Elick alisema atafikiri, akampa karatasi.

Alimwandikia Dusabe kuhusu ile f. Aliandika kirefu, akaeleza mvua na mbuzi na tarakimu zilizobadilishana viti. Jibu halikuja upesi. Lilikuja baada ya siku kadhaa, fupi: *Hongera mwalimu wangu. Mama ametutoka. Tumemzika jana.*

Kesho yake asubuhi Elick alikata mkungu wa ndizi, akapanda gari Omurushaka kwenda Kyerwa. Kemirembe alitaka kumsindikiza, lakini kahawa ilikuwa nje na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Huko Nyakatuntu aliuliza njia kwa sauti yake isiyo na kipimo, akaonyeshwa kwa vidole mpaka akafika kwenye turubai. Wanaume walimpisha kwenye benchi. Mzee mmoja alimgeukia akaanza kumsimulia jambo refu, pengine habari za marehemu, na Elick aliitikia kwa kichwa pale alipoona inafaa.

Dusabe alitoka ndani amejifunga kanga, bila miwani, macho yamevimba. Alimwona. Alikuja akaketi chini kwenye nyasi karibu na miguu yake, akaanza kusema. Hakutafuta simu wala karatasi. Alisema tu, haraka haraka, huku akitazama mikono yake, na midomo yake ilitetemeka kiasi kwamba Elick hakuweza kushika hata neno moja.

Angeweza kumsimamisha, akamwomba aandike. Alikuwa na simu mfukoni. Lakini aliona kwamba binti huyu hakuwa anamwambia yeye ili ajue. Alikuwa anayatoa tu yatoke. Basi aliinama ili uso wake uwe karibu, akamtazama kinywani bila kupepesa mpaka alipomaliza.

"Pole, mwanangu," alisema, kwa sauti ndogo kadiri alivyoweza kukisia.

Dusabe aliitikia kwa kichwa. Walikaa hivyo, watu wakiingia na kutoka, mpaka Elick alipoona wengine wanasimama kwenda kuwahi gari.